Macho Mekundu ya Mgeni: Ishara na Hali katika Picha ya Ngano ya Simbi Nyaima

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya watoto katika Afrika ya Mashariki umeshughulikia sana maneno na kushughulikia kidogo picha. Mhakiki huchambua wahusika, dhamira na lugha ya ngano, kisha humaliza kwa sentensi moja akisema kwamba michoro inapendeza au haipendezi. Jambo hili ni la kushangaza, kwa kuwa mtoto asiyejua kusoma huanza na picha. Na hata akishajua kusoma, mara nyingi picha ndiyo inayobaki akilini mwake baada ya maneno kusahaulika.

Makala haya yanakusudia kuchambua picha moja ya ngano moja ya pwani ya Ziwa Viktoria. Kabla hatujaendelea ni vyema tufafanue istilahi mbili. Tunapotaja ishara tunakusudia kitu kinachoonekana ambacho, kwa makubaliano ya jamii fulani, husimama badala ya jambo lisiloonekana, kama vile bundi asimamavyo badala ya msiba. Tunapotaja hali tunakusudia ile hisia ijazayo picha nzima kabla mtazamaji hajaanza kupambanua kitu na kitu. Hali hutokana na rangi, mwanga, nafasi, na jinsi watu walivyopangwa. Ishara hufundishwa, hali huhisiwa.

Hoja yetu ni kwamba mambo haya mawili yaweza kupingana ndani ya picha moja, na kwamba katika picha tunayoichambua yanapingana waziwazi: ishara zinamshtaki mtu ambaye hali inamtetea. Tutaonyesha pia kwamba mgongano huo si wa nadharia tupu, kwani mojawapo ya ishara zinazohusika imekwisha kuwagharimu watu maisha yao katika nchi zinazolizunguka ziwa hili.

Ngano yenyewe

Ziwa Simbi ni ziwa dogo la magadi lililomo katika shimo la volkano karibu na Kendu Bay, kusini mwa Ghuba ya Winam. Maji yake ni ya kijani kwa wingi wa mwani, nayo huwavutia heroe. Wanajiolojia wana maelezo yao juu ya asili yake. Wajaluo wana yao, na jina lenyewe, Simbi Nyaima, huelezwa kuwa ni Simbi iliyozama.

Husimuliwa kwamba usiku mmoja wanakijiji wa Simbi walikuwa katika karamu ya pombe na ngoma. Akaja ajuza mgeni, amechoka, ana njaa, anasikia baridi. Aliomba mahali pa kuota moto na chakula kidogo. Wenyeji, mkubwa wao akiwa mbele, wakamkataa na kumfukuza. Mwanamke mmoja tu alimhurumia, akampa chakula na mahali pa kupumzika. Ajuza alipokwisha kula akamwonya mwenyeji wake aondoke kijijini usiku uleule. Kisha mvua ikanyesha, ardhi ikatitia, na kijiji na watu wake wakamezwa na maji. Masimulizi hutofautiana juu ya mume wa yule mwanamke, kama alimfuata mkewe au alicheka akabaki. Lakini kiini hakibadiliki.

Kwa uainishaji wa kawaida hiki ni kisakale kuliko ngano, kwa sababu kinaeleza asili ya mahali panapojulikana. Hata hivyo kina viungo vyote vya ngano ya ajabu: mgeni ambaye sura yake haifanani na uwezo wake, jaribio asilolijua anayejaribiwa, tuzo na adhabu. Kwa hiyo tutaendelea kukiita ngano, kama kinavyosimuliwa kwa watoto.

Dhamira yake si ngumu kuitambua. Waswahili waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakusema kwamba mgeni ndiye mwenye kuponywa. Katika methali hiyo, kama katika ngano ya Simbi, anayehitaji kuokolewa ni yule aliye ndani ya nyumba, ingawa yeye anadhani ni yule aliye nje.

Picha

Picha tunayoichambua imechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya ukuta wa nje wa shule moja ya chekechea katika mtaa wa Migosi, mjini Kisumu. Mchoraji wake ni fundi wa mabango ambaye hakutia jina. Haina maandishi isipokuwa maneno mawili kwa herufi kubwa juu yake: SIMBI NYAIMA.

Upande wa kushoto kuna nyumba ya msonge, mlango wake wazi. Ndani moto unawaka, na wanaume watano wamekizunguka chungu cha pombe wakinywa kwa mirija mirefu. Upande wa kulia kuna giza la buluu iliyokoza, mti usio na majani, mwezi mwandamo, na bundi aliyetua tawini. Chini ya mti amesimama ajuza. Amepinda mgongo, ameshika mkongojo, amejifunika vazi jeusi lenye kofia, pua yake imepinda kama mdomo wa mwewe, kucha zake ni ndefu, na macho yake ni mekundu. Katikati, penye kizingiti, amesimama mwanamke kijana ameshika kibuyu kilichopasuliwa, kile ambacho Wajaluo hukiita agwata. Nusu ya mwili wake imo mwangani na nusu imo gizani. Moshi unatoka mlangoni na kuelekea upande wa mti.

Lessing, katika kitabu chake juu ya Laokoon kilichotoka mwaka 1766, alieleza kwamba mshairi husimulia matukio yanayofuatana, hali mchoraji hana ila nukta moja ya wakati. Basi hana budi kuichagua ile ambayo itamwezesha mtazamaji kufahamu yaliyotangulia na yatakayofuata. Fundi wetu angeweza kuchora gharika, na pengine ndiyo ambayo watoto wangeifurahia zaidi. Hakufanya hivyo. Alichagua dakika ambayo ajuza amekwisha kukataliwa na wanaume lakini kibuyu hakijamfikia mkononi. Uchaguzi huo ni wa busara. Hatima ya kijiji kizima imo katika hatua mbili au tatu zilizobaki kati ya kizingiti na mti.

Ishara: ajuza huyu ametoka wapi?

Tukianza na ishara, jambo la kwanza tunaloligundua ni kwamba ajuza wa picha hii si mwenyeji wa Kendu Bay. Vazi jeusi lenye kofia, pua ya mwewe na kucha ndefu havimo katika masimulizi ya Simbi. Ni mali ya mchawi wa ngano za Ulaya, na hasa mchawi aliyeenezwa duniani na filamu ya Walt Disney ya mwaka 1937 juu ya Snow White, ambamo malkia mwenye wivu anajigeuza ajuza aliyevaa joho jeusi ili amuuzie binti tofaa lenye sumu.

Kuazima si kosa. Ngano zenyewe ni wasafiri wakubwa, na fundi wa mabango huokota sura panapopatikana sura. Lakini tuangalie kazi ya sura hiyo huko ilikotoka. Katika hadithi ya Snow White, ajuza anakuja nyumbani, anaonekana mnyonge, na binti anampokea. Kupokea huko ndiko kunakomwangamiza. Funzo ni kwamba usimfungulie mgeni mlango. Katika ngano ya Simbi, ajuza anakuja nyumbani, anaonekana mnyonge, na wenyeji wanamfukuza. Kufukuza huko ndiko kunakowaangamiza. Funzo ni kwamba mfungulie. Ngano hizi mbili zinasimama mahali pamoja, mlangoni, zikimtazama mtu wa namna moja, na kutoa hukumu mbili zinazopingana. Kwa hiyo mchoraji anayemchukua ajuza wa ngano ya kwanza na kumsimamisha katika ngano ya pili anachukua pamoja naye sheria aliyokuja nayo.

Msomaji anaweza kutupinga hapa. Anaweza kusema kwamba ajuza wa Simbi hana budi kutisha au kuchukiza, kwa kuwa angekuja kwa sura ya kupendeza kila mtu angempokea na jaribio lisingekuwa jaribio. Pingamizi hili lina uzito, nasi tunalikubali nusu. Ni kweli kwamba mgeni wa namna hii hana budi kuwa mtu ambaye ni rahisi kumkataa. Lakini kuna sababu mbili za kumkataa mtu, nazo hazilingani. Yuko anayekataliwa kwa unyonge wake: ni mchafu, ana vidonda, ananuka, hana cha kulipa. Na yuko anayekataliwa kwa uovu wake. Anayemkataa wa kwanza ana roho mbaya. Anayemkataa wa pili ana hadhari. Ngano ya Simbi inahitaji unyonge. Picha yetu imechora uovu. Matokeo yake ni kwamba wale wanaume watano, kwa mtoto anayeitazama picha bila kuijua ngano, wanaonekana wamefanya lililo sawa.

Macho mekundu yanastahili kuzungumzwa peke yake. Katika ngano ya Hansel na Gretel, kama ilivyo katika toleo la mwisho la ndugu Grimm la mwaka 1857, msimulizi anatuarifu kwamba wachawi wana macho mekundu na hawaoni mbali. Hapo ishara imo katika maandishi, na mchoraji wa Kijerumani au wa Kiingereza aliyeipaka rangi nyekundu alikuwa anaifuata ngano yake. Lakini ishara hiyohiyo iko pia karibu nasi. Katika nchi ya Usukuma, kusini mwa ziwa, macho mekundu ya mwanamke mzee yamechukuliwa kuwa dalili ya uchawi, na wanawake wengi wameuawa kwa shutuma hizo. Mwanaanthropolojia Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyatafiti mauaji hayo kwa miaka mingi. Sababu ya wekundu wenyewe si siri: ni moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha, ambako mwanamke hupika tangu utoto hata uzee. Mtu huyu ameungua macho kwa kulisha watu, kisha watu wanamsoma macho yake kuwa ni ushahidi dhidi yake.

Wala jambo hili halikomei Usukuma. Mwezi wa Mei 2008 iliripotiwa kwamba wazee 11, wengi wao wanawake, waliuawa kwa kuchomwa moto na kundi la watu huko Kisii, wakishutumiwa kuwa wachawi. Kisii si mbali na Migosi. Hatudai kwamba picha ya ukutani huua mtu. Tunachodai ni kwamba ishara ambayo Ulaya leo ni mchezo wa watoto, huku kwetu bado ni hati ya mashtaka, na mhakiki hana ruhusa ya kuisoma kana kwamba ni mapambo.

Bundi yuko katika hesabu nyingine. Naye hayumo katika masimulizi, na katika picha za Ulaya ni rafiki wa mchawi. Lakini katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki bundi ni mjumbe wa msiba, na mjumbe si mwenye kuleta kosa. Tena bundi wa picha hii hakumgeukia ajuza. Ameigeukia nyumba. Anayetabiriwa msiba ni mwenye karamu. Hapa ishara ya kigeni na ishara ya wenyeji zimekutana, na mpangilio wa picha umeamua ipi ishinde. Hilo linatupeleka kwenye hali.

Hali: mwanga, moshi na maji

Kwa desturi ya macho yetu, mwanga ni heri na giza ni shari. Moto wa nyumbani huashiria usalama, na usiku wa nje huashiria hatari. Ngano ya Simbi inaipindua desturi hiyo: palipo na moto ndipo patakapozama, na anayetoka gizani ndiye mwenye uzima. Mchoraji wa ngano hii anakabiliwa na swali gumu: atafanyaje ili nyumba yenye mwanga ionekane kuwa ndiyo ya hatari?

Fundi wetu amelijibu swali hilo, kwa kujua au kwa kubahatisha. Moto ameuweka chini, katikati ya wanywaji, hata mwanga unawapiga usoni kutoka chini kwenda juu. Vivuli vinapanda juu ya mashavu. Matundu ya macho yanakuwa meusi. Hakuna hata mmoja kati yao anayemtazama mwenzake, sembuse kutazama mlangoni. Wote macho yao yamo chunguni. Karamu ambayo ingepaswa kuwa ya furaha imekuwa ya ukimya. Mbinu ya namna hii yaonekana katika mchoro mashuhuri wa Gustave Doré wa mwaka 1862 kwa ngano ya Perrault, ambamo msichana mwenye kofia nyekundu amelala kitandani pamoja na mbwa mwitu aliyevaa kofia ya bibi. Hakuna jino linaloonyeshwa wala damu. Kitisho kinatokana na kwamba kitanda, mahali pa salama kuliko pote, ndipo palipo na hatari, na msichana ameanza kulitambua hilo. Doré anaitia hofu ndani ya nyumba. Picha ya Migosi, katika upande wake wa kushoto, inafanya vivyo hivyo.

Tukishaiona hali hiyo tunarudi kwa ajuza na kumwona upya. Yule moshi unaotoka mlangoni unaelekea moja kwa moja usoni mwake. Basi macho yake ni mekundu kwa nini? Tukizifuata ishara zilizoazimwa, ni mekundu kwa sababu ni mchawi. Tukiufuata mpangilio wa picha yenyewe, ni mekundu kwa sababu amesimama katika moshi wa watu wengine. Ameomba chakula chao akapewa moshi wao. Usomaji huu wa pili hatuubuni; umo ukutani, umechorwa kwa rangi ya kijivu kutoka mlangoni hadi paji la uso wake. Na ndio usomaji unaopatana na ngano.

Kuna jambo jingine. Chini ya picha, ukuta umepakwa mkanda wa rangi ya buluu, kama zinavyopakwa kuta za shule nyingi ili uchafu usionekane. Mchoraji ameishusha ardhi ya kijiji hadi ikagusana na mkanda huo, hata miguu ya wanywaji imekaribia kuuingia. Mtazamaji anayeijua ngano hawezi kuuona mkanda ule ila kama maji. Ziwa limekwisha kufika. Je, mchoraji alikusudia? Hatuna haja ya kuamua. Mhakiki anawajibika kwa kile ambacho kazi ya sanaa inakifanya mbele ya hadhira yake, si kwa kile kilichokuwamo moyoni mwa msanii. Na kigezo hichohicho kilichotufanya tumlaumu kwa joho jeusi hatuna budi kukitumia tunapomsifu kwa maji.

Picha na neno

Tumesema kwamba picha hii ina sauti mbili. Mtoto atasikia ipi? Roland Barthes, katika makala yake ya mwaka 1964 juu ya balagha ya picha, alieleza kwamba picha huelea juu ya maana nyingi, na kwamba maneno yanayoandamana nayo huitia nanga. Nanga ya picha ya Migosi ni jina tupu. Kwa mtoto wa Kijaluo aliyekwisha kusimuliwa, jina hilo linatosha. Lakini Migosi ni mtaa wa mji. Humo mna watoto wa Kiluhya, wa Kigusii na wa makabila mengine, na hata watoto wa Kijaluo ambao nyumbani hawakusimuliwa. Kwa hao wote nanga haikugusa chini, na picha itaelea kuelekea upande wa sura iliyozoeleka zaidi, yaani ajuza wa filamu.

Zamani nanga ilikuwa mtu. Watoto wa Kijaluo walilala katika nyumba iliyoitwa siwindhe, na mle ndani mwanamke mzee aliyeitwa pim aliwasimulia ngano usiku, zile ziitwazo sigana. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wameeleza nafasi yake katika kitabu chao juu ya Siaya cha mwaka 1989, wakaonyesha kwamba mara nyingi pim hakuwa mwenyeji wa boma lile bali alitoka nje. Tulitafakari hilo. Mgeni, mwanamke, mzee, aliyepokewa akapewa mahali karibu na moto, ndiye aliyekuwa mwalimu. Ngano ya Simbi iliposimuliwa na pim, msimulizi na mhusika walikuwa na sura moja. Watoto walimwona ajuza wa ngano kila walipoinua macho. Hawakuweza kumwogopa mmoja bila kumwogopa mwingine, na huyu mwingine ndiye aliyewafunika wakilala.

Pim hayupo tena katika mitaa ya Kisumu. Kazi yake imegawanywa kati ya kitabu, mwalimu na ukuta. Waandishi waliifanya sehemu yao: Asenath Bole Odaga, aliyefariki mwaka 2014, alikusanya na kuchapisha ngano za Kijaluo mjini Kisumu kwa miaka mingi, na mwaka 1974 B. Onyango-Ogutu na A. A. Roscoe walitoa mkusanyiko wao wa fasihi simulizi ya Wajaluo. Maneno yamehifadhiwa. Uso wa ajuza haukuhifadhiwa, na mahali pake pamekaliwa na uso mwingine.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ishara na hali ni mambo mawili, kwamba kila moja lapaswa kusomwa kwa njia yake, na kwamba thamani ya picha ya ngano hupimwa kwa jinsi yanavyoelewana katika kuitumikia ngano. Kwa kipimo hicho picha ya Migosi ni kazi yenye kasoro moja kubwa na uhodari mwingi. Hali yake imeielewa ngano kwa undani. Ishara zake za ajuza zimeikanusha. Mtu angeifuta ile kofia, akainyoosha pua, na kuuacha moshi mahali pake pamoja na wekundu wa macho, picha ingekuwa imesema jambo ambalo masimulizi ya maneno hayajalisema kwa ufasaha kama huo.

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, wachapishaji na shule wampe mchoraji ngano nzima, tena isimuliwe mbele yake na mtu anayeijua, badala ya kumpa kichwa cha habari na nafasi ya kujaza. Pili, idara zetu ziingize usomaji wa picha katika kozi za fasihi ya watoto, ili mwalimu wa kesho aweze kumwuliza mtoto aliyesimama mbele ya ukuta kama ule: kwa nini macho ya bibi huyu ni mekundu? Mtoto akijibu kwamba ni mchawi, somo halijaanza. Akiufuata moshi kwa kidole mpaka mlangoni, amekwisha kuielewa Simbi Nyaima.